BARAFU ILIYOPITA MBINGA: HOJA YA ZIARA ZA ELIMU KATIKA PWANI YA ZIWA NYASA

Katika nchi za baridi imezuka biashara ya kuwapeleka watu kutazama barafu. Huko Alaska, nchini Marekani, mtalii ateremkaye melini katika mji wa Juneau huweza kupanda helikopta, akavushwa milima kwa dakika chache, na kutuliwa juu ya barafu ya Mendenhall pamoja na kiongozi wake. Huko New Zealand watalii hutuliwa kwa helikopta juu ya barafu za Franz Josef na Fox. Wengine huchukuliwa kwa boti katika ziwa lililo mbele ya barafu ya Tasman, wakapitishwa katikati ya mapande meupe yaeleayo majini. Mwanafunzi wetu akisikia habari hizi huhitimisha kwamba barafu ni jambo la ng'ambo, au kwa uchache ni jambo la Kilimanjaro, na kwamba halimhusu hata kidogo mtu aliyezaliwa Mbinga au Mbamba Bay.

Makala haya yana hoja moja. Imani hiyo si ya kweli, na tukiiacha iendelee itatugharimu. Mbinga na majirani zake walipata kupitiwa na barafu, na ushahidi wake ungali umehifadhiwa katika miamba ya bonde la mto Ruhuhu, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa karibu na Lituhi na Manda. Tunachokosa si kitu cha kutazama. Tunakosa watu waliofundishwa kutuonyesha.

Mto wa barafu ni nini

Yafaa tuanze na maana ya maneno. Theluji inapoanguka mahali penye baridi kali, na ile ya mwaka huu ikalala juu ya ile ya mwaka jana pasipo kuyeyuka yote, uzito wa tabaka za juu hushindilia zile za chini. Hewa iliyokuwa kati ya chembe za theluji hubanwa, nazo chembe hushikamana na kuwa barafu ngumu. Rundo likiisha kuwa nene vya kutosha, barafu haikai tena mahali pamoja: huanza kuteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Hapo ndipo inapostahili kuitwa mto wa barafu, au barafuto kama wasemavyo wanajiografia.

Mto huo una nguvu kuliko mto wa maji. Hung'oa mawe, huyakokota, huyasaga na kuyakwaruza juu ya mwamba ulio chini yake. Nao una tabia moja ambayo mwanafunzi hana budi kuikumbuka: haujui kuchagua. Mto wa maji hupanga mizigo yake, ukaacha kokoto hapa, mchanga pale, na matope mbali zaidi. Barafu huyeyuka na kuacha kila kitu mahali pamoja, jiwe kubwa kama meza likiwa limezama katika udongo laini kama unga. Tofauti hii ndogo ndiyo inayomwezesha mtaalamu wa miamba kutambua barafu iliyotoweka zamani sana.

Utalii wa kuaga

Turudi sasa kwa wale watalii wa helikopta na boti. Ziwa la Tasman, ambalo leo lina boti za watalii, halikuwapo karne moja iliyopita. Lilianza kama vidimbwi vya maji juu ya barafu yenyewe, na kufikia mwaka 1990 vidimbwi hivyo vilikuwa vimeungana kuwa ziwa. Maana yake ni kwamba boti zapita pale kwa sababu barafu imeondoka. Kadhalika Franz Josef: hadi mwaka 2012 viongozi waliwapandisha wageni kwa miguu kutoka bondeni. Barafu iliporudi nyuma na kunyong'onyea, njia ile ikawa ya hatari, na tangu hapo hakuna namna ya kuifikia isipokuwa kwa helikopta. Chombo kile kinachochoma mafuta kwa wingi ndicho kilichobaki kuwapeleka watu kutazama kitu kinachopunguzwa na joto la dunia. Sisemi kwamba wageni hao ni wabaya. Nasema kwamba safari zao zimekuwa safari za kuaga, na wengi wao huaga wasijue wanachokiaga.

Kwetu pia maagano hayo yapo. Afrika nzima ina mahali patatu tu penye mito ya barafu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Barafu ya Kilimanjaro ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki kilomita za mraba 1.76. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zinatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza leo atakuwa mtu wa makamo siku hiyo.

Lakini mwalimu asikubali jibu jepesi juu ya jambo hili. Wanasayansi waliochunguza kilele cha Kibo wameeleza kwamba barafu yake ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu zaidi. Theluji ikapungua, na mawingu yaliyokuwa yakiikinga barafu dhidi ya jua yakapungua pia. Kule juu, ambako hewa mara nyingi ina baridi kuliko kiwango cha kuganda kwa maji, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuwa maji kwanza. Joto la dunia nalo lina sehemu yake, hasa kwa kuwa huibadili bahari ya Hindi ituleteayo mvua. Ila kusema tu kwamba jua limekuwa kali, barafu ikayeyuka, ni kumnyima mwanafunzi nusu ya maarifa.

Yuko atakayesema: basi nasi tuanzishe safari za helikopta Kilimanjaro, tupate fedha kabla barafu haijaisha. Ndugu huyo azingatie kwanza kwamba katika mwinuko wa meta 5,500 hivi kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Mapanga ya helikopta hushika hewa nyepesi, nguvu ya kuinua hupungua, nayo injini hudhoofika. Ni chombo cha kuokoa wagonjwa pale ambapo hapana budi, wala si gari la matembezi. Halafu ajiulize ni wanafunzi wangapi wa Ruvuma watakaopanda humo. Wahenga walituasa tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha wetu u wapi basi?

Ushahidi wa Ruhuhu

Mbacha huo umetandikwa kaskazini ya Mbinga. Bonde la Ruhuhu limejaa tabaka za miamba ya aina iitwayo Karoo. Mwaka 1932 mtaalamu wa miamba G. M. Stockley, aliyefanya kazi katika idara ya serikali ya Tanganyika, aliandika habari za tabaka hizo na kuzigawa katika mafungu manane, tangu K1 iliyo chini kabisa hadi K8 iliyo juu. Fungu la chini, ambalo wataalamu wa baadaye wameliita Idusi, ndilo lenye habari za barafu. Humo mna mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika na udongo pasipo mpango wowote. Mna pia udongo laini uliotandazwa katika maji matulivu. Wataalamu waliochunguza fungu hili wanakubaliana kwamba chini yake ni mashapo ya barafu, na kwamba juu yake ni mashapo ya wakati barafu ilipokuwa ikiyeyuka na kuondoka. Yote hayo yalitokea karibu miaka milioni 300 iliyopita.

Yawezekanaje barafu iwe mahali penye joto kama hapa, tena katika nchi ya chini? Jibu ni kwamba mahali hapa hapakuwa hapa. Wakati ule Afrika ilikuwa imeungana na Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika kuwa bara moja liitwalo Gondwana, na sehemu yetu ilikuwa karibu na Ncha ya Kusini kuliko ilivyo leo. Barafu ya wakati huo ilifunika nchi kubwa. Huko Nooitgedacht, karibu na Kimberley katika Afrika ya Kusini, mwamba mzima ungali una mikwaruzo iliyochorwa na mawe yaliyokokotwa chini yake. Mjerumani Alfred Wegener aliutumia ushahidi wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuwashawishi wenzake kwamba mabara husafiri. Wengi walimcheka. Alifariki mwaka 1930 akiwa katika safari ya uchunguzi juu ya barafu ya Greenland, na miongo mitatu hivi ikapita kabla ulimwengu haujakubali kwamba kiini cha hoja yake kilikuwa sahihi.

Barafu ilipoondoka iliacha nchi ya mabwawa na baridi ya wastani. Mimea ilistawi humo, ikaanguka, ikazikwa, ikashindiliwa, nayo ndiyo makaa ya mawe tunayochimba leo Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011. Kwa lugha ya Stockley makaa hayo yamo katika fungu la K2, juu tu ya fungu la barafu. Tukiendelea kupanda tunafika kwenye tabaka za Manda, zenye mifupa ya wanyama wa miaka milioni 240 na zaidi iliyopita. Mmoja wa wanyama hao, aliyepewa jina mwaka 2013, anaitwa Nyasasaurus kwa heshima ya ziwa letu. Huenda akawa dinosauri wa kale kuliko wote wajulikanao, au jamaa yao wa karibu sana. Mwingine, aliyetangazwa mwaka 2010, amepewa jina la Asilisaurus kongwe, ambalo Mswahili yeyote analifahamu bila kuhitaji kamusi. Hata hivyo ni wanafunzi wangapi wa Songea, Mbinga na Nyasa waliopata kulisikia? Mifupa ya Nyasasaurus ilichukuliwa katika miaka ya 1930, ikakaa miaka mingi katika makabati ya ng'ambo.

Hapa pana jambo lingine la kusahihishwa. Mgeni aonaye milima ya Livingstone ikiporomoka hadi majini huweza kudhani kwamba Ziwa Nyasa lilichimbwa na barafu, kama ghuba nyembamba za Norway. Sivyo. Ziwa hili ni la bonde la ufa. Ardhi ilipasuka, sehemu ya kati ikazama, na maji yakajaa, hadi leo kina chake hufikia meta 700 hivi, ambapo uso wa maji uko meta 474 tu juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya ziwa, basi, iko chini ya usawa wa bahari. Ufa huo ni wa miaka milioni chache iliyopita. Barafu ya Ruhuhu ni ya kale mara nyingi zaidi. Mambo mawili yaliyo jirani machoni petu yametengwa na muda usiofikirika kwa urahisi, na kuyatenganisha hivyo ndiyo kazi ya elimu.

Kazi ya kiongozi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, kiongozi alisema ni baridi tu. Neno hilo moja lilikuwa sahihi. Lakini habari zilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa kwa miaka mingi, akisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Yeye hakuwahi kufika. Kisa hiki chatufundisha thamani ya mtu anayeijua nchi kwa miguu na macho yake, na pia upungufu wake: kiongozi yule alilijua jambo, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kulieleza mbele ya ulimwengu.

Pwani ya Ruvuma haina uhaba wa watu wa namna hiyo. Wavuvi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay wanazijua pepo za ziwa na miamba yake, pamoja na samaki wadogo wa rangi nyingi ambao jamii zao, kwa mamia, hazipatikani penginepo duniani. Wamatengo wa milimani wamelima ngoro kwa vizazi vingi, wakichimba mashimo ya mraba ili maji yasiuchukue udongo wa miteremko mikali. Hao ni watu waliosoma ardhi kabla ya kusoma kitabu. Mtu wa aina hii akifundishwa kutofautisha tabaka la barafu na tabaka la mto, atakuwa kiongozi ambaye hakuna helikopta iwezayo kumpita kwa faida.

Hebu tufikirie ziara ya siku tatu. Siku ya kwanza wanafunzi wanasafiri kwa boti kutoka Mbamba Bay kuelekea kaskazini. Wanapita Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Bandari ya Sphinx kwa ajili ya umbo la jabali lake, na ambapo mwezi Agosti mwaka 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Kiongozi wa kawaida huishia hapo. Kiongozi tumtakaye ataongeza kwamba jabali lenyewe ni kongwe kuliko barafu ya Ruhuhu. Siku ya pili wanafuata bonde la Ruhuhu kwa miguu, wakipima unene wa tabaka na kuchora mawe waliyoyaona. Siku ya tatu wanafika kwenye makaa, nao wanaulizwa swali gumu kuliko yote.

Swali lenyewe

Swali ni hili. Makaa ya Mbinga yalizaliwa barafu ilipokuwa ikiondoka. Mimea ile iliivuta hewa ya kaboni, ikaificha ardhini kwa mamilioni ya miaka. Leo tunayachoma, na kaboni inarudi hewani, inaongeza joto la dunia, na kuharakisha kuondoka kwa barafu iliyosalia. Tangu mwaka 2022 mahitaji ya makaa yetu katika nchi za nje yaliongezeka sana kutokana na vita vya Ukraine, na malori yakayachukua kwa wingi hadi bandari ya Mtwara. Ajira na mapato ya makaa hayo ni ya kweli. Moshi wake ni wa kweli pia. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa kwa muda wa miaka 200 hazina haki ya kutukemea kana kwamba kosa ni letu. Hata hivyo haitupasi kuamua tukiwa tumefumba macho. Kijana wa Mbinga ndiye atakayeishi kando ya mashimo yale yatakapokwisha. Anapaswa kuwa na uwezo wa kupima faida na hasara yeye mwenyewe, wala asitegemee kusomewa hesabu na mtu mwingine. Uwezo huo haupatikani kwa kukariri maana ya barafuto ubaoni.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba shule hazina fedha, wala hazina maabara za kutosha, seuze ziara. Najibu kwamba bonde la Ruhuhu ni maabara ambayo haihitaji kujengwa, na kwamba shule za Mbinga na Nyasa ziko jirani nayo kuliko chuo kikuu chochote cha dunia. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isitengwe na mazingira yake. Kusoma mwamba ulio nyuma ya kijiji ni kuitekeleza shabaha hiyo.

Wengine watataja hatari, na wana haki. Ziwa Nyasa huchafuka ghafla, hasa katika miezi ya pepo za kusini. Kwa hiyo boti lisijazwe kupita kiasi, kila mwanafunzi avae jaketi la kuokolea, na nahodha awe na kauli ya mwisho juu ya kuondoka au kutoondoka. Mwalimu asione haya kuahirisha safari.

Wengine watauliza kama watalii wa kigeni watakuja kutazama mawe. Watakuja baadhi, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini utaratibu usianzie kwao. Tukianza na wanafunzi wetu tutapata viongozi wanaojua wanachosema, nao wageni watafuata elimu hiyo. Tukianza na wageni tutapata wapambe wa kuwabebea mizigo.

Yapasayo kufanywa

Mambo manne yanawezekana bila kungoja fedha nyingi. Kwanza, walimu wa jiografia, kemia na bayolojia wa wilaya hizi waandae kwa pamoja ramani rahisi ya njia ya Ruhuhu, wakisaidiwa na wataalamu wa miamba wa serikali na wa vyuo vyetu vikuu. Pili, vijana wachache wa kila kijiji cha njiani wafundishwe kuwa viongozi, na malipo yao yawekwe wazi. Tatu, kila anayeingia bondeni aelezwe kwamba masalia ya kale hulindwa na sheria ya nchi ya mwaka 1964: mfupa huchorwa, hupigwa picha, huripotiwa, lakini hauchukuliwi. Nne, kila shule iweke daftari la uchunguzi, ili darasa la mwakani lianzie pale darasa la mwaka huu lilipoishia. Mto hula kingo zake kila masika. Daftari litaonyesha kilichofichuka na kilichopotea.

Barafu ya Kilimanjaro hatuwezi kuizuia kwa daftari. Ile ya Ruhuhu imekwisha kuondoka, na haina haja ya kuagwa. Imetuachia maandishi yake katika mawe, na maandishi hayo yako umbali wa safari ya siku moja kutoka madarasa yetu. Mwalimu asomaye makala haya aweza kuanza muhula ujao.